Achari ya Embe Yapata Uraia

Mkataba wa biashara na Ulaya ulipotangazwa, tuliambiwa kwamba hata baada ya Uingereza kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya, mambo yatakuwa yale yale. Wiki iliyopita nilikuwa posta, mtaani kwetu Sparkbrook, nyuma ya mama wa Kizanzibari aliyekumbatia chupa ya achari ya embe. Alikuwa anamtumia bintiye aliyeko Rotterdam, aliyejifungua majuzi na hagusi wali bila achari ya mama yake.

Karani, dada wa Kikenya, akamsukumia fomu ya forodha, ambayo kabla ya kujitoa haikuhitajika. "Mama, hii imetoka nchi gani?"

"Embe za Pakistani, mwanangu. Pilipili nimeletewa kutoka Unguja. Siki nimenunua hapo Ladypool Road."

"Hapa inaandikwa nchi moja tu."

Mama akapandisha barakoa, akafikiri. Mzee wa Kiingereza nyuma yangu akauliza kinachotuchelewesha ni nini, nikamtafsiria. Akaguna kwamba yeye alipiga kura ya kujitoa ili fomu zipungue. Kisha akainyooshea chupa kidole: "Imetengenezwa wapi?"

"Jikoni kwangu, hapo Balsall Heath," mama akajibu, nami nikatafsiri.

"Basi hiyo ni ya Uingereza!" mzee akatangaza, na foleni nzima ikaitikia. Karani akaandika, akagonga muhuri.

Mama akaitazama fomu. "Mimi nimeomba uraia, huu mwaka wa tatu sijajibiwa," akasema. "Achari imeupata kwa dakika mbili."

Nilipomtafsiria, mzee akavua kofia, asijue ampe mama pole au aipe chupa hongera.