Kanisa Tulilotaka Kulifunga Chilangala

Sikutaka kwenda. Aliyenituma ni Padri wetu wa hapa Masasi, baada ya halmashauri ya kanisa kukaa mara tatu kuandaa mpango wa huduma ya miaka ijayo. Tulikuwa tumekubaliana karibu yote: kujenga ukumbi wa vijana, kuimarisha kwaya, na kulifunga kanisa dogo la Chilangala, ambalo tulisikia limebakiwa na waumini wachache, wengi wao wazee. Mimi ndiye katibu, na barua ya kuwaarifu niliiandika kwa mkono wangu. Padri aliisoma, akavua miwani.

"Mama Tumaini, katika vikao vyote vitatu tulimwuliza Mungu lini?"

"Tulifungua kwa sala, Baba."

"Tulifungua kwa sala na kufunga kwa sala. Mimi nauliza katikati."

Akaniambia niipeleke barua mwenyewe, nikae nao Jumapili moja, kisha ndipo tupige kura. Sijui kama alijua kwamba huko ndiko nilikozaliwa. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa dini pale, na tuliondoka nikiwa na miaka kumi na miwili. Sikuwahi kurudi.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi la Newala. Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka. Gari lilipoanza kupanda mlima, harufu ya mabibo ikaingia dirishani, nikajikuta nameza mate kama mtoto. Zamani tuliyanyonya mpaka midomo inakakamaa, na madoa yake hayakutoka kwa sabuni yoyote. Mama alitazama gauni tu, akajua nani amekwepa mazoezi ya kwaya. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaigusa barua ndani ya mkoba, na kicheko kikaisha.

Newala tulifika saa nne, upepo ni ule ule, unakupiga baridi huku jua linawaka. Nikanunua sukari na sabuni za wenyeji wangu, nikakodi bodaboda.

Chilangala, mchana. Nyumba yetu haipo tena, pale pana mikorosho mikubwa. Kanisa lipo, bati limeingia kutu, ila uwanja umefagiliwa. Aliyenipokea ni Mama Stefano, mjane anayeongoza ibada tangu mwinjilisti wa mwisho ahamishwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa mwalimu?"

"Ndiye mimi."

"Nimekujua kwa mdomo. Huo ni wa baba yako kabisa."

Akanikalisha mkekani, akaniletea ming'oko iliyochemshwa kwa chumvi. Miaka mingi sikuwa nimeila mizizi ile. Nilikula huku nikitazama pembeni, asiyaone macho yangu.

Jumapili, baada ya ibada, nilisimama kuisoma barua. Hatukufika watu ishirini. Niliisoma mpaka mwisho. Hakuna aliyelia wala kulalamika. Mama Stefano akaniambia, "Tumesikia. Sasa kaa, maana na sisi tuna neno letu kwa Masasi, tulikuwa hatuna wa kumtuma."

Akaeleza. Zamani wanawake wote walishuka bondeni kuteka maji, na walikuwa wanapita kwenye nyumba za watu wa kule. Bomba lilipofika juu, hakuna aliyeshuka tena, na wagonjwa wa bondeni wakabaki peke yao. "Kwaresima nzima tulimwomba Nnungu atupe kazi, maana Mungu haangalii uzee. Akaturudisha kwenye njia ile. Tunashuka wawili wawili, kila Jumatano na kila Jumapili. Hatutoshi. Hatuombi vitu, tunaomba miguu."

"Mpango huo mmeuandika?" nikauliza. Ukatibu umenikaa.

"Tumeuanza," akajibu.

Alasiri nilishuka pamoja nao. Ni njia ile ile niliyomfuata mama, yeye na ndoo kichwani, mimi na kibuyu. Kila jiwe lilinikumbusha magoti yake yaliyokuwa yakitetemeka wakati wa kupanda, na wimbo aliouimba ili asisimame.

Chini tulimkuta Bi Zainabu, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Binti yake alikuwa bado shamba. Wenzangu walimtekea maji, wakamwogesha, wakampikia uji, bila kuagizana, kama watu waliozoea jiko lile. Aliponiuliza mimi ni nani, nikamwambia.

"Mama yako alikuwa akiniletea chumvi," akasema polepole, ulimi ukimlemea. "Mume wangu alipofariki, hakupita hapa hata siku moja bila kuingia."

Enzi zile mama aliniacha nichunge ndoo kisimani, akaniambia anakwenda kupumzika kidogo.

Kabla ya kuondoka Mama Stefano alimwuliza Bi Zainabu, "Tukuombee?"

"Niombeeni. Na mimi nitawaombea mpande salama."

Jumatatu nilirudi Masasi, na wiki hiyo halmashauri ikakutana. Nilisimulia yote. Baba Yohana, mjumbe aliyeshikilia kuliko wote kwamba kanisa lile lifungwe, akashangaa: "Hawafiki ishirini, na bado wanataka kuongeza kazi?"

"Ndiyo, Baba Yohana."

Padri akatuomba tunyamaze tumsikilize Mungu, palepale katikati ya kikao. Tulikaa kimya muda mrefu mpaka viti vikaanza kulia. Kisha Baba Yohana akakohoa, akasema yeye ni mstaafu, nafasi anayo, na mwezi ujao atakwenda kukaa nao. Kura haikupigwa tena. Kanisa liko wazi, ukumbi unasubiri, na Baba Yohana amekwisha kushuka bondeni mara nyingi kuliko mimi.

Siku zote nilidhani kumtegemea Mungu ni kupanga vizuri, halafu kumwomba abariki tulichokwisha kuamua. Chilangala nilikuta watu waliomwomba kwanza, wakapewa kazi ndogo iliyokuwa karibu nao, wakaianza kabla ya kujua itawafikisha wapi. Mpango wetu nimeuandika upya. Ukurasa wake wa mwisho ni mtupu, na Padri amesema tusiharakishe kuujaza.