Maji ya Tauno

Kabla vitabu alivyoandika vya majitu na mapanga havijaanza kumshibisha, jirani yetu Eemeli Kyllönen alikuwa mpakia magogo kule Kuhmo, kwenye misitu ya kaskazini, tena mvivu kupindukia. Hadithi yake ya kwanza aliiandika kwa ajili ya kaka yake, Tauno, aliyezama ziwani barafu ilipoanza kulegea. Mama yao, Saima, alikuwa ametangaza kote, mpaka kwa mchungaji wa kanisa, kwamba Tauno alikufa akimwokoa mbwa. Mbwa mwenyewe hakuna aliyewahi kumsikia hata akibweka.

Tangu mazishi, kila asubuhi Saima alikuta dimbwi kando ya jiko, pale Tauno alipozoea kuvua buti. Paa halikuvuja. Alifuta, kesho yake likarudi.

Eemeli, aliyelelewa kwa nyimbo za bibi yake, alijua ni kaka yake anayerudi na maji ya ziwa, na dawa yake aliijua: amwandikie kaka safari ya Tuonela, nchi ya wafu, avuke mto mweusi wa huko akapumzike. Mtoni yupo binti wa Mauti na mtumbwi wake, naye humuuliza kila ajaye: umeuawa na nini? Mwongo havushwi. Eemeli akaandika habari ya mbwa, na hapo hapo hadithi ikakwama. Kila alipoianza upya, binti aliinua kasia akauliza tena. Dimbwi nalo likazidi kutanuka.

"Mama, huyu dada wa mtumbwi hadanganyiki," alisema wakinywa kahawa.

"Mwandikie mbwa mkubwa zaidi."

"Nimemwandikia mwenye vichwa vitatu! Amenicheka."

"Kwa hiyo wataka nimvue mwanangu nguo mbele ya kijiji kizima?"

"Mbele ya mtu mmoja tu, Mama. Tena mwenye mtumbwi."

Saima aliyatazama maji yakimsogelea vidole vya miguu.

"Alifuata chupa," alisema mwishowe. "Aliificha kisiwani nisiione. Nikamwambia, wee, barafu imeoza! Akanijibu, bi mkubwa, mimi mwepesi kama malaika. Haya, andika."

Eemeli akaandika yote, malaika na chupa yake. Binti wa Mauti akausogeza mtumbwi ukingoni.

Asubuhi iliyofuata sakafu ilikuwa kavu. Saima aliipapasa kwa kiganja, akapiga magoti, akachungulia hadi uvunguni mwa jiko. Kisha akamgeukia mwanawe, uso umemshuka.

"Na wewe nawe," alisema, "siku zote mvivu, leo ndiyo umepata mbio? Hukuweza kumchelewesha hata mpaka Krismasi?"