Pua ya Mtani

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, kule Mahurunga, nyumba za zamani za watu kadhaa zilitiwa moto ili wenyewe wasipate hamu ya kurudi. Nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa mpya, na aliyeitia moto ni mimi.

Sikukusudia. Nilikuwa juu ya paa lake namalizia kuezeka, kazi ambayo mkwe mwema huifanya bila kuambiwa, na nilipofunga fungu la mwisho la nyasi nikajiona nastahili kuvuta. Nikawasha msokoto wangu wa tumbaku pale pale juu. Nilishuka haraka kuliko nilivyopanda. Majirani walikuja na ndoo, lakini kisima kilikuwa bado hakijachimbwa, kilikuwa kwenye mpango tu, na mpango hauzimi moto.

Kwetu Wamakonde mwanamke akiolewa haachi kuwa mtoto wa mama yake. Jioni ile ile mke wangu alikunja nguo zake akaenda kumtunza mama kwenye kibanda walichomjengea haraka haraka. Siku ya tatu akaja mjomba wake na hukumu. Mke atakaa huko mpaka msimu ujao wa korosho uishe. Nikimaliza muda wote huo bila kuvuta, nitarudishiwa mke wangu. Nikivuta hata pafu moja, nisahau kwamba niliwahi kuoa.

Nilimwambia mjomba kuwa hilo ni jambo dogo. Nilikuwa na miaka thelathini, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa sijui ninachosema.

Sasa kulikuwa na tatizo la nani atathibitisha. Mama mkwe ndiye aliyekuwa na shaka, lakini heshima haikumruhusu kunikaribia. Tangu nioe, miaka minne, hakuwahi kunisemesha uso kwa uso. Tukikutana njiani yeye aliingia kwenye mihogo, mimi nikavua kofia na kutazama ndege. Mtu wa namna hiyo atakunusaje mdomo? Mke wangu hakuaminiwa, kwa sababu ananipenda. Basi mama mkwe akaazima pua. Akamchagua seremala aliyekuwa akimjengea nyumba upya, Myao, mtani wangu.

Angechagua polisi ningeshukuru. Mtani hana mipaka, na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa, na kijiji kizima kitajua umeshindwa. Mtu yule alikuwa akiniita popote aliponikuta, "We mchoma nyumba za watu, hebu fungua mdomo," na mimi nafungua. Alininusa kwenye foleni ya duka la ushirika. Alininusa mbele ya darasa la nne, nikiwa nafundisha kugawanya, na watoto wakasimama juu ya madawati ili waone vizuri. Siku moja alikatiza mkutano wa kijiji, akapita katikati ya safu mpaka nilipokaa, akaninusa taratibu, kisha akamwambia mwenyekiti aendelee.

Nilimchukia kwa moyo wote huku nikicheka, maana ndivyo inavyotakiwa.

Mwezi wa kwanza nilitafuna mihogo mibichi. Wa pili karanga. Wa tatu sukari ikapotea dukani, ikafuata sabuni, na nguruwe pori wakashuka bondeni wakamaliza shamba langu usiku mmoja, na kila aliyenipa pole alikuwa na sigara mkononi. Sijui kwa nini wavutaji hupenda sana kuwafariji watu. Nikawa natafuna vijiti vya kiberiti. Vikapotea navyo.

Mstari wa nyumba ulipangwa kwa kamba, kwa hiyo kibanda cha mama mkwe kilitazamana na mlango wangu. Kila asubuhi nilimwona mke wangu akitwanga, hatua ishirini kutoka nilipo, na yeye ananiona. Alikuwa akisimamisha mchi, anapangusa uso kwa upande wa kanga, anaendelea. Nilitamani sigara na nilimtamani yeye, na ilinibidi kuchagua moja kila siku upya. Watu hudhani mtu huacha mara moja.

Mwezi wa tano nilijaribu ujanja. Katibu wa tawi alikuwa mvutaji wa kiko, nami nikazoea kukaa nyuma yake, upande unakoelekea upepo, nikivuta pumzi ndefu kama mtu mwenye mawazo mazito kuhusu maendeleo. Mtani akanibaini. Kesi ikapelekwa kwa mama mkwe, nami nikasubiri jibu. Jibu lilirudi kwamba nisamehewe, kwani harufu ya pilau ya jirani haijawahi kumshibisha mtu. Lakini nihame kiti. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa kweli, siyo kwa desturi tu.

Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, miezi miwili imebaki, nilipoletewa habari kwamba mama yangu amefariki.

Alikuwa akiishi Mtwara mjini, Ufukoni, akikaanga samaki kibarazani kwake. Hakuugua. Nilipofika walikuwa wameshamwosha. Tulimzika alasiri, na watu wa Mahurunga wakaja kesho yake na lori, akina mama mbele, wakiwamo mke wangu na mama yake, na mtani nyuma juu ya magunia. Mama mkwe aliketi mkekani kwa wanawake, akanipa mgongo kwa heshima zote.

Mimi sikulia. Nilisimamia maji, kuni, jamvi, nikabishana na mtu kuhusu sufuria. Chakula kilipoletwa nilisema baadaye. Siku ya tatu ya matanga, asubuhi, mwalimu mwenzangu akanivuta pembeni ya nyumba akanipa sigara, sigara halisi ya dukani. Akasema siku kama hii hakuna wa kunilaumu. Aliniwashia kijiti kabisa. Niliiweka mdomoni, na nasema kweli, sikumfikiria mke wangu hata kidogo. Nilifikiria kwamba nimechoka.

Hapo ndipo mama yangu alipokuja.

Alikuwa na kanga yake ile ile ya zambarau na ungo mkononi, anachechemea mguu wa kushoto kama alivyochechemea miaka yote. Ndani ya kanga alikuwamo mtani, na ndevu zake. Nyuma yake wanawake walikuwa wamekufa kwa kicheko, kwa sababu tangu alfajiri alikuwa akizunguka uani akiwakemea wateja wa samaki kwa sauti ya marehemu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na aliifanya vizuri mno, maana kila alipokwenda mjini kununua misumari alikula samaki wa mama. Akasimama mbele yangu, akanitazama juu mpaka chini.

"Ushakula, mwanangu?" akaniuliza.

Mama hakuwahi kunisalimu kwa neno jingine. Nikaanza kucheka. Sigara ikaanguka haijashika moto, nikainama kuiokota, na sikuweza kuinuka. Nililia pale chini, kwa sauti, mbele ya watu wa mjini na wa Mahurunga, na mtani akakaa nami mchangani na kanga yake, akaacha kuchechemea. Baadaye kidogo akaniinua kidevu na kuninusa mdomo. Halafu akawageukia waliokusanyika.

"Moshi hakuna," akasema. "Huyu ana njaa tu."

Mke wangu akaleta ugali wa muhogo na samaki. Mjomba, ambaye alikuwa mtu wa sheria, akakohoa na kukumbusha kwamba bado miezi miwili, na lori la kurudi linaondoka adhuhuri. Mimi nilishika sahani nikashindwa kumega.

Kisha nikaona miguu ya mtu mzima imesimama mbele yangu. Sikuthubutu kuinua macho, na kofia sikuwa nayo ya kuvua. Mama mkwe wangu alichuchumaa, akamega tonge kwa mkono wake mwenyewe, akalichovya mchuzi.

"Kula, baba," akasema. "Mkeo hapandi lori. Anabaki na wewe."