Mzee Mzinga Ajifunza Kusikia

Jina la Mzee Mzinga alipewa na majirani, maana jeshini alipakia mizinga miaka ishirini na miwili, na mizinga ndiyo iliyomla masikio. Sasa alikuwa akitengeneza viti vibovu barazani kwake, hasikii hata radi, na alishazoea. Mkewe akimtaka, alikanyaga sakafu kwa kisigino mpaka ageuke.

Hospitali ya askari wastaafu ilipokubali kumpandikizia kifaa cha kusikia, aliyefurahi ni mkewe. Shemeji mtu, kaka wa mke, akatania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Dada yake akamnunia siku mbili. Mama wa watu hakutaka muujiza. Alitaka mtu wa kuzungumza naye kabla uzee haujawamaliza.

Siku ya kuwashwa kifaa, mzee alifumba macho na kuachama mdomo, kama walivyofundishwa kufanya kabla ya mzinga kulipuka. Fundi wa kifaa akajikaza asicheke. Sauti zilikuja nyembamba, kama za redio mbovu. Akaulizwa anajisikiaje. Akasema kawaida tu, na hakuwa anaongopa. Hakuhisi kitu.

Wakapewa zoezi la nyumbani: kila asubuhi mke akae nyuma yake, asionekane midomo, aseme neno, naye mzee alirudie. Hapo alifika kwao! Penye mzinga amri haijadiliwi. Unairudia yote kwa sauti, ndipo unapakia. Akarudia kikombe, akarudia dirisha, na miezi miwili haijaisha akawa anarudia sentensi nzima. Fundi akamsifu sana. Tabu ni kwamba hata mezani alifanya vivyo hivyo. Mke akiuliza kama chai imepoa, mzee alilirudia swali, kisha kimya.

Asubuhi moja mama aliiweka chini karatasi ya maneno. Alikitazama kisogo cha mumewe, na kile kidude kilichonata juu ya sikio.

"Miaka kumi na tisa nimezungumza peke yangu," alisema.

Mzee akanyoosha mgongo.

"Miaka kumi na tisa nimezungumza peke yangu," akarudia, bila kukosea hata neno moja.

Kisha akatulia, akisubiri linalofuata. Mkewe akaokota karatasi, akaweka alama ya vema, akasoma neno jingine.