Tyubu za Dwight Pethtel

Usiku ule Danica, binti yangu, alikaa jikoni na simu mbele yake, akingoja Dwight Pethtel aseme amplifaya aliyomtengenezea imeendaje. Dwight alikuwa akipiga gitaa kwenye dansi la ukumbi wa zimamoto, ng'ambo ya mto. Wapiga gitaa wote wa bonde letu humsikiliza yeye. Akimsifu fundi, kazi inakuja. Akimponda, fundi huyo anarudi kupanga makopo dukani, kazi aliyoiacha Danica mwaka jana.

Danica hutengeneza amplifaya za tyubu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu. Mimi humchungulia kutoka ngazini. Akishawasha, mkono wa kushoto unaingia mfukoni, maana umeme wa mle ndani ukiingilia mkono mmoja na kutokea mwingine, unapita moyoni. Nikiuona umo mfukoni, narudi juu. Kwa mkono wa kulia anashika mita, kisha bisibisi, anazungusha skrubu kidogo kidogo. Ndiyo kuweka bayasi: kupanga umeme unaopita kwenye tyubu wakati gitaa limenyamaza. Ukipungua, sauti inakauka. Ukizidi, tyubu zinajiunguza.

Alipokuja kuchukua amplifaya yake, Dwight alitaka uongezwe.

"Weka moto, fundi. Hii sauti ni ya kanisani."

"Nikizidisha hapa, tyubu zitakufia."

"Ongeza bwana, mimi nimeanza kupiga gitaa hujazaliwa."

Danica akaongeza mpaka ukingoni, akapima, akafunga.

Simu ilipolia usiku ule, nilimsikia Dwight nikiwa kwenye jiko.

"Tyubu zimekuwa nyekundu, Danica! Watu wanacheza, mara moshi! Hata mpiga ngoma kanicheka."

"Dwight, ngoja kwanza..."

Akakata.

Asubuhi Danica hakugusa mayai yake. Nilimpeleka ukumbini mimi, sikutaka ashike usukani akiwa vile. Wazimamoto walikuwa wanafagia. Danica akapima soketi ya jukwaani: volti mia na ishirini na sita. Kwetu hazizidi mia na kumi na saba, nyumba yetu iko mwisho wa laini. Alikuwa amefika ukingoni kwa umeme wa nyumbani, bila kufikiria kwamba ukumbini ungekuwa na nguvu zaidi.

"Nimekosea, mama."

"Si yeye alikulazimisha?"

"Alinilazimisha, ndiyo. Ila mita ninayo mimi."

Tukaenda kwa Dwight na tyubu mpya. Danica akabisha hodi. Nilisimama nyuma yake, nikaona pazia likisogea.

"Sipo!" Dwight akasema kwa ndani.

"Basi mwambie Dwight ukumbi ule una umeme mwingi. Nilitakiwa niupime kabla. Nimekuja kubadilisha tyubu, na safari hii nitateremsha bayasi, upende usipende."

"Sauti itapoa."

"Kidogo, ndiyo."

"Na nisipotaka?"

"Tafuta mwingine wa kukuunguzia."

Nilimvuta koti. Mteja haambiwi hivyo. Hakugeuka. Ndani mbwa alianza kubweka, Dwight akamkemea. Nilikuwa nimeshatoa funguo za gari pale komeo liliposogea. Mlango ukafunguka nusu, na Dwight akatokea amevaa soksi, akimzuia mbwa kwa mguu.

"Pita haraka," alisema, "atatoka."