Mbwa Aliyebakisha Chakula

Mume wangu alipokwenda Unguja kupasuliwa macho, aliniachia muhogo wa kuchimba, ng'ombe wa kuhamisha malishoni, na mbwa. Muhogo naujua na ng'ombe namjua. Mbwa nilimwambia pale pale mlangoni, begi lake li mkononi, kwamba mie simwezi. Akacheka. Akasema mbwa hana kazi, mpe tu chakula kwa kiasi. Akipewa kingi atakuwa mzito, siku ya kusasa, ya kuwinda nguruwe, atabaki nyuma. Akipewa kidogo atakata kamba aende kula kuku wa watu. Nikamwuliza hicho kiasi ndiyo kiasi gani. Gari ya Mkoani ikapiga honi, naye akaondoka bila kunijibu.

Hapa kwetu Kiuyu mbwa hafugwi kwa mapenzi. Wenye mbwa ni wanaume wanaosasa, kwa sababu nguruwe wakiingia shambani mara moja tu, asubuhi unakuta mashimo. Wa kwetu alifungwa nyuma ya banda la ng'ombe, mbali na mtungi na mbali na msala wangu wa kuswalia. Toka nizaliwe sikuwahi kumgusa mbwa. Naogopa meno yake, naogopa na mate yake, na ukiniuliza kipi zaidi sitakwambia. Chakula nilimtilia katika kifuu cha nazi: uji wa muhogo, vichwa vya samaki, ukoko ukipatikana. Nilikisukuma kwa fimbo mpaka kimfikie, kisha huyo, narudi mbio.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, uwa wake na wangu zimepakana kwa makuti. Alikuwa akichungulia akinicheka. "Umeolewa na msasi, mbwa wake unamkimbia," akasema. Yeye mwenyewe, kwa maneno yake, hata pale mbwa alipopita hapiti. Mie na wifi yangu ni watu wa kutaniana, kwa hiyo nilimjibu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Siku za mwanzo mbwa alikuwa akikifagia kile kifuu mpaka kinang'aa. Asubuhi moja nikasahau fimbo. Nilikuwa nimejikata kidole kwa kumenya muhogo, na kidonda bado kibichi. Nikainama kuweka chakula nikidhani kamba haifiki, kumbe inafika. Akanilamba mkono mzima, kidole na kidonda chake humo humo. Hakuning'ata, maskini, alifurahi tu, mkia unacheza. Nikaenda kisimani nikauosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani, tukiwa wadogo. Nikaswali adhuhuri nikijua niko tahara, na la mbwa limekwisha.

Baada ya hapo akaanza kubakisha. Kwanza uji kidogo, nikasema labda umechacha. Kisha nusu. Kisha nikawa naweka, ananusa, anageuza uso, analala. Nikamtilia vichwa vya samaki zaidi. Nikamtilia tui, tui ambalo watoto wangu wenyewe siku hizo hawakuliona. Akanitazama, akafumba macho.

Aliyekulia shamba hapa Pemba hahitaji kuambiwa mbwa asiyekula maana yake nini. Nilipokuwa mdogo kule Vitongoji, jirani yetu mmoja, kijana mwenye nguvu zake, aling'atwa na mbwa akanyamaza. Maradhi ya kichaa cha mbwa yalipomtokea, akiletewa kikombe cha maji koo lilimfunga, akatetemeka mwili mzima. Mama yake alikaa na kile kikombe mkononi akimbembeleza kama mtoto mchanga. Sisi tulifukuzwa tusione, lakini tulisikia. Kelele zile sijazisahau mpaka leo.

Basi nikaanza kuogopa, na hofu ile siwezi kuieleza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Zile saba zilinitoa najisi, sawa, lakini hili nalo zilinitoa? Nilikuwa nanywa maji bila kiu, nipate kuona kama yanapita. Nikiamka, kabla sijasema neno na mtu, nameza mate kwanza. Watoto nikawatengea sahani yao na kikombe chao, wakaniuliza wamekosa nini. Hospitali najua ipo, na sindano za mbwa najua zipo, ila niliona nikienda nitakuwa nimekubali kwamba ninayo. Mume wangu jicho moja limefungwa bandeji na la pili linasubiri zamu yake. Nimwambie nini kwa simu? Na wifi? Huyo angenicheka, halafu angewaambia watu, halafu wote wangenitazama kama jeneza linalotembea. Nikanyamaza. Wiki zikapita hivyo, kila asubuhi nikienda kuangalia kifuu, na kila asubuhi uji ule ule unanitazama.

Mwisho hata kisu cha muhogo nikaogopa kukishika. Nikampigia bwana mifugo. Akaja na pikipiki yake, nikamweleza nikiwa nimesimama mbali naye, nisije nikampumulia. Hakucheka. Alinikemea.

"Umelambwa kwenye kidonda, na wiki zote hizi umekaa nyumbani? Leo hii utakwenda hospitali. Iwe mbwa mzima, iwe mgonjwa, utakwenda."

Kisha akamfunga mbwa mdomo kwa ugwe, akamtazama kwa juu, akampapasa ubavuni. Akakunja uso.

"Mama, huyu mbona kanona?"

Nikamwambia hali kitu. Akaniambia sogea uguse. Nikakataa. Akasema mbwa mkavu na mkono wako mkavu, hakuna najisi hapo, na jambo hili afadhali ulijue kwa mkono wako. Mbavu ukiziona kwa macho, ana njaa. Ukigusa tu ukazikuta, ndiyo kiasi chake. Ukizitafuta usizione, kazidi. Nikanyoosha mkono huku nimegeuza uso. Manyoya yalikuwa ya moto kwa jua. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikapata nyama tu. Muda wote ule nilikuwa nakitazama chombo, mbwa mwenyewe sikuwahi kumtazama.

"Mbwa asiyekula hanoni," akasema bwana mifugo. "Na kichaa hakimsubiri mbwa wiki zote hizi, kingekuwa kishamuua. Huyu anakula na kushiba. Ila hali kwako."

Nikakaa chini pale pale, kwenye mavi ya ng'ombe, sikujali. Yeye akazunguka banda. Nyuma ya kisiki, upande wa makuti, akaokota sahani ya bati yenye punje za wali na miba ya samaki. Sahani ile naijua. Hofu yangu yote ikageuka hasira, nikamwita wifi yangu kwa sauti ambayo mkubwa haitwi.

Akaja. Nikamsubiri anicheke, nimpe yake. Hakucheka. Aliiangalia sahani mkononi mwa bwana mifugo, akaniangalia mie, kisha akapandisha upindo wa dera lake kidogo tu, kwa haya. Juu ya kifundo cha mguu palikuwa na alama za meno, zimeshaanza kuwa nyeusi.

"Siku moja ulipokuwa umekwenda kuchimba muhogo," akasema. "Kuku wangu kaingia huku, nkamfuata. Mbwa akanikamata."

Nilimwuliza kwa nini basi amlishe mbwa aliyemuuma. Wifi yangu akatazama chini.

"Mbwa wa kichaa hali. Kila alfajiri nampelekea wali, nakaa nyuma ya makuti nkimtazama. Akila, nasema alhamdulillahi, leo bado."

Bwana mifugo akatugeuzia mgongo, akajifanya anashughulika na ugwe. Mie nikawa nahesabu kichwani. Kila asubuhi mbwa alikula kwake, yeye akapata siku moja ya kuishi. Kisha chakula changu kikamkuta ameshiba, akageuza uso, mie nikafa. Makuti tu yalikuwa baina yetu. Hasira nikaitafuta nisiione.

"Wifi yangu, ungekufa kimya?" nikamwuliza. "Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kidole, pale kidonda kilipokuwa. Sijui alijuaje. Labda asubuhi ile nayo alikuwa nyuma ya makuti.

"Weye uliniambia?"

Tukavaa mabuibui yetu tukaenda hospitali pamoja, na njia nzima alinishika mkono ule ule aliolamba mbwa.