Nilivyowakalisha wauza intaneti wawili benchi moja ili mjukuu wangu asipelekwe Dar

Wakuu, nawasalimu kutoka Nachingwea.

Hiki ninachosimulia kimetokea nyumbani kwangu, kwenye baraza yangu mwenyewe. Sitii chumvi, na chumvi dukani ninayo ya kutosha.

Kwa wasionijua: mimi niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Nilianza na baiskeli, nakusanya mahindi na mbaazi Ruponda na Mtua, gunia moja moja. Leo nina stoo Nachingwea, nina stoo Ruangwa, na Fuso mbili zenye jina langu mlangoni. Sijisifu, natoa taarifa.

Twende kwenye mada.

Binti yangu Zuhura ameajiriwa na kampuni moja Dar, kazi yake kupokea simu za wateja kupitia kompyuta. Alikuja nyumbani kujifungua. Likizo ya uzazi ilipoisha, pamoja na ile ya bila malipo aliyoongezea, bosi wake akampa sharti: fanyia kazi hukohuko kwa majaribio, lakini simu za wateja zikikatikakatika, unarudi ofisini.

Akawa anatumia net ya simu yake. Balaa tupu. Kuna mteja alimuuliza, "Dada, mbona kama unaongelea ndani ya mtungi?"

Siku hiyo nikamkuta anakunja nguo za mtoto.

Mke wangu hakunizungusha. "Baba Zuhura, huyu akienda Dar na mtoto, na mimi nawafuata kulea. Wewe utabaki na mbaazi zako mtazamane."

Wakuu, yule mjukuu ndo kwanza ameanza kutambaa. Akisikia mlio wa pikipiki yangu anakuja mwenyewe mpaka mlangoni. Nikasema hapa hatoki mtu.

Nikaanza kwa kuulizia fiber. Fiber kwetu inapita barabara kubwa, inatupungia mkono, inaendelea na safari zake. Mtaani kwangu haijaingia.

Zikabaki njia mbili. Router ya laini ya simu, ile ya kuchomeka tu na kutumia. Au antena ya juu ya paa, inavuta net kutoka kwenye mnara wa kampuni ndogo moja iliyoko Ruangwa.

Nikawaita wauzaji wote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Nikawakalisha benchi moja, chai na mihogo mbele yao.

Hii ndo biashara, wakuu. Ukimwita mmoja atakusomesha wewe. Ukiwaita wawili wanasomeshana wenyewe.

Wa router, kijana mchangamfu, fulana ya kampuni, akafungua mazungumzo. "Mzee wangu, hii inakimbia kinoma. Unaangalia mpira hata kwenye tivi tatu."

"Mpira naangalia kwa jirani," nikamwambia. "Inabeba sauti ya binti yangu mpaka Dar?"

Wa antena akacheka. "Jioni hiyo router inalala, mzee. Mtaa mzima unagombania mnara huohuo."

"Na wewe mkorosho ule utauruka?" mwenzake akamjibu, akionyesha mkorosho mkubwa wa jirani, upande wa Ruangwa. "Antena yenu ikizibwa na majani tu, kwisha habari."

Mimi nakunywa chai. Mambo ambayo wasingeniambia hata kwa fimbo, wananiambia bure.

Sasa sisi watu wa nafaka tuna kitu kinaitwa bambo. Ni chuma chenye ncha, unakichoma kwenye gunia kinatoka na punje za ndani. Mgeni wa biashara anachoma juu. Juu kila gunia ni safi. Mimi nachoma juu, katikati, na chini kabisa, maana mchanga unakaa chini.

Nikawaambia, "Sinunui gunia bila bambo. Niachieni vifaa, nivijaribu asubuhi, mchana na jioni."

Wa router akasema ofisi hairuhusu. Nikasimama nikaanza kukusanya vikombe. Akanywea. "Basi mzee, nakuachia hii ninayotembea nayo."

Asubuhi ile router ilikuwa moto. Zuhura anaongea na Dar kama wako chumba kimoja. Mchana, safi. Mkono ulishaanza kwenda mfukoni, nikaurudisha. Chini ya gunia bado.

Jioni nikasimama nje ya stoo, Zuhura akanipigia kwa net ileile. Nikasikia "ba". Nikasubiri. Ikaja "ba" nyingine.

Router ikarudi kwa mwenyewe na shukrani zangu zote.

Ikafuata antena. Mkorosho kweli ulikuwa unaziba, kijana wa router hakusema uongo. Nikatoa bomba refu la chuma stoo, fundi akainyanyua antena mpaka ikaona mbele. Jioni Zuhura akanipigia, nikamsikia yeye, nikamsikia na mtoto anacheua.

Hapo ndo tukaingia kwenye bei. Ilikuwa kubwa kuliko ya router, na jamaa hakutaka kushuka. Nikamwambia bei kaa nayo, ila kufunga iwe bure, bomba ni langu. Na mahindi yakija na unyevu sisi tunakata kilo. Net yako ikilala kutwa nzima, tunakata malipo ya siku hiyo.

"Mzee, intaneti sio mahindi."

"Mvua kubwa ikinyesha haisumbui?"

"Inaweza ikasumbua."

"Basi ina unyevu. Tunakata."

Akasogea pembeni kumpigia bosi wake. Wakaongea wee. Akarudi anatikisa kichwa. "Bosi anasema wewe mzee ni mtihani. Amekubali."

Nikaongezea na betri ya sola, maana umeme ukikatika, antena nayo inazima.

Ikaja jioni ya mtihani. Bosi wa Zuhura alikuwa anasikiliza simu zake moja kwa moja kutoka Dar. Katikati ya kazi umeme ukaondoka mtaa mzima.

Mke wangu akanishika mkono. Tumekaa sebuleni gizani, mtoto mapajani kwangu, mlango wa Zuhura umefungwa. Tunaisubiri ile "haloo, haloo" yake.

Haikuja. Tulichosikia ni "nimekuelewa kaka, subiri kidogo nikuangalizie", kwa sauti ya mtu aliyetulia.

Alipotoka akasema, "Bosi kasema dawati langu la Dar anampa mtu mwingine."

Mama yake akadhani kafukuzwa, machozi hayo.

"Mama, maana yake nabaki."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, ila macho nayo yalikuwa na vumbi.

Wakuu, somo ninalowapa: usiulize net ina spidi gani, uliza jioni inakuwaje. Usinunue kabla hujajaribu palepale utakapotumia. Bei ikigoma kushuka, pigania masharti.

Hasara niliyopata ni moja tu. Zuhura akiwa kazini siruhusiwi kuongea ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, eti nasikika mpaka kwa wateja.

Walioko Ruangwa mjini na Mbekenyera, nyie mnatumia nini, na mlifungiwa kwa masharti gani? Wekeni hapa, wenye maswali nitawajibu. Wenye mahindi nipigieni hata jioni, nipo getini na mjukuu, tunaongea kwa sauti tunayotaka.